Nilimukosa

Nabintu aliirudisha rekodi nyuma, akaisikiliza tena, kisha akaupiga usukani kofi lililomuumiza kiganja. Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka la vyakula vya Kiafrika pale Beechmont, na mama mmoja aliyekuwa akitoka na mfuko wa unga wa muhogo aligeuka kumtazama. Nabintu hakujali. Angekuwa na huyo mkalimani karibu, angemvuta masikio.

Yeye ni mpelelezi wa wakili wa utetezi, mzaliwa wa Bukavu, na kazi yake hapa Louisville ni kutafuta yale ambayo polisi hawakuona haja ya kuyatafuta. Safari hii mteja alikuwa Gentille, mhudumu wa usiku katika makao ya wazee ya kampuni ya Larkmoor. Mzee mmoja, Papa Ray, alikuwa ameanguka kati ya kitanda na ukuta akafa kabla ambulansi haijafika. Gentille alishtakiwa kwa kumtelekeza. Ushahidi mkubwa wa polisi ulikuwa kauli yake mwenyewe, iliyotafsiriwa kwa njia ya simu na mkalimani aliyekuwa kwake, mbali, na mstari ukikwaruza.

Akabonyeza tena.

"Kwa nini ulichelewa kuita ambulansi?" askari aliuliza, na mkalimani akalirusha swali kwa Kiswahili cha pwani, harakaharaka.

Gentille alikuwa analia. "Bon, kwanza nilipiga..." Mstari ukakwaruza, ukapotea, ukarudi. "...nilimukosa. Vraiment, nilimukosa."

"Anasema alimkosea," mkalimani alitamka kwa Kiingereza. "Kweli alimkosea."

"Alimkosea mzee Ray?"

Hapo ndipo Nabintu alipokuwa akipandwa na hasira kila mara. Mkalimani hakumuuliza Gentille. Alijibu mwenyewe: "Ndiyo."

Mtu wa Bukavu akisema "nilimukosa", anasema alimtafuta mtu asimpate. Hata mtu wa Dar es Salaam husema hivyo hivyo. Lakini huyu bwana alisikia kilio, akaambiwa kuna mzee amekufa, na masikio yake yakakimbilia dhambi. Kosa la herufi moja, na mwanamke mwenye watoto watatu anatakiwa kufungwa. Nabintu alizima simu, akashuka, akatembea hadi ghorofa anakoishi Gentille, nyuma tu ya duka.

Gentille alifungua mlango akiwa ameshika pasi. Alikuwa nje kwa dhamana, haruhusiwi kufanya kazi, na tangu alipokatazwa kazi alikuwa anapiga pasi kila kitu, mpaka taulo.

"Gentille, ulimukosa nani?"

"Aje?"

"Kwa polisi ulisema, nilimukosa. Ni nani?"

"Yaya wa Columbus." Alimtaja huyo yaya, huyo dada mkubwa, kama mtu aliyeulizwa jina la mtaa wake. "Wa pili wangu wa zamu ya usiku. Nilimupigia, simu ikalia, ikalia, nikamukosa. Njo nikapigia ambulansi."

Nabintu aliketi kwenye mkono wa kochi bila kukaribishwa. "Juu ya nini hukuniambia?"

"Mi niliambia polisi! Niliwaza banaandika." Sauti ya Gentille ilipanda. "Na ile sheria ya Honorable kila mutu anaijua. Muzee akianguka, unaita wa pili kwanza. Ambulansi ni nyuma. Ukianza na ambulansi, banakufukuza."

"Ulipiga na simu gani?"

"Ya kazi. Yetu banazifungia mu kabati tukiingia. Na ile ya kazi banasema imeharibika."

Bila shaka imeharibika. Wakili alikwisha kuomba kumbukumbu za simu ile kwa njia ya mahakama, na jibu lingechukua wiki nyingi. Mwendesha mashtaka hakuwa na wiki za kugawa. Alitaka jibu keshokutwa asubuhi: Gentille akisema ndiyo, nilimtelekeza, halali jela hata siku moja, ila hatia itaingia kwenye faili lake la uhamiaji, na wanaomjua mama aliyerudishwa kwao kwa sababu ya hatia kama hiyo hawahitaji kuelezwa. Akisema hapana, mlango wa jela unabaki wazi.

"Polisi waliambiwa wa pili wako iko Shively," Nabintu alisema. "Karibu na makao."

"Shively?" Gentille alicheka kwa hasira. "Yaya, mi sijamuona huyo mama hata siku moja, ni sauti tu. Lakini kila nikipiga, nyuma yake nasikia bazee banamuita. Siku ingine ananiambia theluji kwao imejaa mpaka mu dirisha. Mi natazama hapa inje, kukavu. Iko Shively aje?" Akaiweka pasi. "Mi nimechoka. Nitasema ndiyo, yaya. Nibaki na batoto."

"Usiseme kitu mpaka nikupigie."

"Na ukinikosa?"

 Nabintu alimbusu shavu akashuka ngazi.

Kabla ya kutoka mjini alipita Shively, kwenye nyumba ambayo Larkmoor ilikuwa imewapa polisi kama makazi ya mhudumu wa pili, aitwaye Mizero. Alikuta bwana mmoja Mmarekani anaparura barafu kwenye kioo cha gari. Alikuwa akiishi hapo tangu watoto wake wakiwa wadogo, na wote walikuwa wamekwisha kuoa. Mizero gani? Hakuwahi kumsikia. Nabintu alimshukuru, akashika barabara kuu ya kaskazini, akawa anaongea peke yake ndani ya gari kwa maneno ambayo mchungaji wake asingependa kuyasikia.

Huyo Honorable alikuwa akimfahamu. Nani hamfahamu? Dwight Kessing, mbunge wa jimbo kwa vipindi sita, mwakilishi wa upande wa kusini mwa Louisville. Kila uchaguzi ulipokaribia aliingia kanisani Beechmont na tai ya kitenge, mchungaji akasema "tumupigie Honorable makofi", na makofi yakapigwa. Jina likamganda. Huko kwetu mbunge akishaitwa Honorable ni Honorable mpaka kaburini, hata akiondoka bungeni, hata akifanya uchafu gani.

Na uchafu aliufanya kwa kalamu. Bungeni kule Frankfort, makao makuu ya jimbo, aliandika na kuupigania mswada uliosema makao madogo ya wazee yanaweza kuwa na mhudumu mmoja tu usiku, mradi wa pili awe karibu na afikike kwa simu. Kanisa lilishangilia, kwa sababu aliwaambia makao mengi yatafunguliwa na kazi zitakuja. Sheria ilipopita, hakugombea tena. Larkmoor ilimpa kiti cha mkuu wa fedha kwenye makao yake makuu, Columbus, katika jimbo jirani. Watu walisema amepanda cheo. Nabintu aliona mtu aliyelima shamba kwa jembe la serikali, kisha akahamia kwenda kuvuna.

Ofisi ya Larkmoor ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo la matofali. Nyuma yake, ng'ambo ya maegesho, kulikuwa na nyumba ndefu ya wazee ya kampuni hiyo hiyo. Nabintu alimwambia wa mapokezi ukweli mtupu: anatoka Louisville, kanisa la Beechmont, na anamsaidia wakili wa Gentille. Alidhani atafukuzwa. Lakini mwanasiasa hajui kumfukuza mtu aliyewahi kumpigia makofi.

"Karibu, karibu sana!" Kessing alitoka mwenyewe, mikono wazi. Ndilo neno lake moja la Kiswahili. Yaliyobaki waliyasema kwa Kiingereza, wakiwa wameketi ofisini kwake.

"Asante, Honorable. Sitakukalisha. Mhudumu wa pili usiku ule alikuwa nani?"

"Nilikwisha kuwaambia polisi. Mizero. Mama mzuri sana. Anaishi Shively, dakika chache tu kutoka makao. Inasikitisha, lakini Gentille hakumtafuta."

"Nimetoka Shively. Mwenye nyumba hajawahi kumsikia."

"Basi amehama. Ameacha kazi, sijui aliko. Hawa watu huhamahama."

"Hawa watu."

Shingo ya Kessing iliingia wekundu juu ya kola. "Usinigeuzie maneno, dada yangu. Mimi nawajua wafanyakazi wangu. Watu wanadhani mkuu wa fedha anaona hesabu tu. Mimi nakaa nao, nawasikiliza. Nyinyi na mawakili wenu mnaketi ofisini mnauliza, kwa nini hakufanya hivi, kwa nini hakufanya vile. Mwanamke yuko peke yake, mikono yake imejaa sabuni, amemshika mzee asizame kwenye beseni la kuogea. Hata simu ikilia mfukoni, afanye nini? Amwachie? Hiyo ndiyo kazi yao. Naiheshimu."

Nabintu alisogea mbele ya kiti. 

"Simu ipi, Honorable?"

"Natoa mfano."

"Mfano wa nani? Umesema Gentille hakumtafuta mtu. Kumbe simu ililia."

"Nimesema ni mfano."

"Mizero alikuwa kwake Shively, kitandani. Sabuni ya nini? Alikuwa anamwogesha nani?"

Kessing alisimama akafunga kifungo cha koti. Tabasamu lilikuwa bado liko usoni, limesahauliwa pale. "Nadhani tumemaliza."

"Neno lako lile, karibu, unajua maana yake?"

"Ni kumkaribisha mgeni."

"Pia ni kinyume cha mbali. Uliliandika kwenye sheria yako: awe karibu. Kutoka kwenye kitanda cha Papa Ray hadi hapa nimeendesha tangu asubuhi, mgongo bado unaniuma. Mwanamke mmoja ulimhesabu hapa kuwa ni mhudumu, na ukamhesabu Louisville kuwa ni karibu. Mtu mmoja, nafasi mbili, mshahara wa pili mfukoni mwa kampuni, na aliyekufa umemtupia Gentille."

"Toka nje," Kessing alisema, safari hii kwa sauti yake halisi.

Alitoka. Alisimama kwenye maegesho, macho kwenye ile nyumba ndefu. Alijilaumu kwa kumwonyesha karata zote, lakini alichokitaka alikuwa nacho: Mizero hakuwa Shively, alikuwa akifanya kazi sehemu yenye beseni na mzee ndani yake, na simu ilimfikia. Na Kessing alijua habari ya sabuni. Habari kama hiyo haiandikwi kwenye ripoti. Mtu aliambiwa kwa mdomo, na aliyemwambia ni mwenye mikono hiyo.

Alingoja zamu ibadilike. Wahudumu walitoka kupitia mlango wa nyuma wa ile nyumba ndefu, na mmoja wao, kijana mwenye kofia ya sufu, akawasha gari na kusimama nje akingoja lipate moto. Alikuwa anaongea kwenye simu kwa Kiswahili cha nyumbani. Alipokata, Nabintu alisogea.

"Jambo, kaka. Niko natafuta yaya Mizero. Angali hapa?"

"Yaya Mizero?" Jina la kijana kwenye beji lilikuwa Liberati. "Wee, alishaenda. Bamemutuma Buffalo, ku nyumba mupya. Alikuwa wa usiku hapa, myaka yote. Siku moja tu, Honorable mwenyewe anakuja kumubeba, anamubebea na valise ya nguo. Siye tukasema, eh, huyu mama amebarikiwa!"

"Ni lini?"

"Nyuma kidogo ya ile maneno ya Louisville. Ile ya muzee alikufa." Liberati alimtazama vizuri, akaona alichokisema. "Donc, mi sikusema kitu."

"Hukusema kitu, kaka. Buffalo, kwa nani?"

Liberati alifikiri, akapuliza mvuke kwenye vidole. Kisha akampa jina la barabara na namba ya nyumba anakokaa.

Nabintu alilala Columbus kwa binamu yake, akaamka, akaendesha. Buffalo ilimpokea mchana na theluji iliyolundikwa pande zote za barabara. Nyumba ilikuwa upande wa East Side, ya mbao, ya ghorofa mbili, na ngazi ya nje iliyomwagiwa chumvi. Alipobisha, mama wa makamo alifungua, mrefu, mwembamba, na shati la kazi la Larkmoor tayari mwilini.

"Yaya Mizero? Naitwa Nabintu. Nimetoka Louisville."

Mlango ulianza kurudi. "Mi sina neno ya Louisville."

"Nimeendesha tangu jana, yaya. Hata maziwa hunipi?"

Mizero alikuwa mtu wa milima ya juu, kule Kivu ya Kusini, kwa wafugaji wa ng'ombe, ambako mgeni hafukuzwi akiwa na kiu. Nabintu alilijua hilo na alilitumia bila aibu. Mama yule alisimama na mkono kwenye kitasa, akamlaani kwa macho, kisha akafungua. Maziwa yalichemshwa. Yalimiminwa kwenye vikombe viwili, na Mizero akaketi mbali, karibu na dirisha.

"Kunywa, uende."

"Ninakunywa. Niko kwa wakili wa Gentille. Kesho asubuhi atasema ndiyo mbele ya jaji, na makaratasi yake yataharibika."

"Ni vizuri aseme. Alishakubali mwenyewe."

"Nani alikuambia?"

"Honorable. Alinisomea karatasi ya polisi, kwa Kizungu. Kusema alimukosea ule muzee, kweli alimukosea. Akaniambia, Mizero, mwenzako alishabeba kosa, weye usijibebeshe." Aligeukia dirisha. "Sasa mi niseme nini? Mutu ameungama. Mi ni nani nimuondolee?"

Nabintu aliweka simu mezani, kati ya vikombe. "Sikiliza yeye mwenyewe. Si kwa Kizungu."

Sauti ya Gentille ikajaa chumbani. *Bon, kwanza nilipiga...* Mkwaruzo. *...nilimukosa. Vraiment, nilimukosa.* Nabintu aliizima kabla mkalimani hajafungua kinywa.

Mizero alikuwa ameweka kikombe chini. Hakumwuliza Nabintu maana yake. Hakuna aliyezaliwa na lugha ile ambaye angeuliza.

"Rudisha."

Akarudisha.

"Si muzee," Mizero alisema polepole. "Ni mie. Anasema ni mie."

"Ndiyo."

"Hakunikosa." Aliitazama mikono yake. "Nilisikia. Iliita mu mufuko yangu, na mikono yangu ilikuwa mu maji. Kulikuwa bibi moja alijichafua, niko namuosha, nimemushika hapa, mu kwapa. Nikimuachilia anazama. Nikasema, ikate, nitamurudilia. Ikakata. Nikamulaza ule bibi, nikarudilia, hakuna aliyechukua." Alijipiga kifua kwa ngumi. "Nikaambia Honorable yote. Sabuni, bibi, yote! Akachukua ile simu. Akasema atatengeneza. Na mi nikamwambia asante!"

Alisimama, akaanza kutembea kwenye chumba kile kidogo, na kila kilichokuwa njiani alikisukuma: kiti, kapu la nguo, mlango wa kabati. "Alichukua neno ya huyo mutoto, neno ya kunitafuta mie, akaigeuza, akanifunga nayo mudomo! Na mi kila siku ku maombi nilikuwa nasema, Mungu, umusamehe Gentille. Eti nimusamehe mie! Mie!"

Nabintu alimwacha amalize. Hasira ile ilikuwa halali yake. Alipotulia, alimweleza mambo kama yalivyo: kwamba anahitaji kumrekodi akisema haya haya, kwa ridhaa yake, kwamba wakili atamsikiliza leo kabla giza halijaingia na kumweleza mwendesha mashtaka, kwamba siku ya kesi atalazimika kusimama Louisville na kurudia.

"Nyumba hii ni ya kampuni," Mizero alisema.

"Najua."

"Batanifukuza."

"Watakufukuza. Sitakudanganya, yaya."

Mizero alivua shati la Larkmoor, akabaki na fulana yake, akalikunja shati vizuri kama mtu anayerudisha kitu cha watu, akaliweka juu ya kabati. Kisha akaketi mbele ya simu, akasema kila kitu tangu mwanzo, na alipofika kwenye jina hakusema Honorable. Alisema Kessing. Nabintu alilisikia jina hilo likitoka tupu kwenye kinywa cha Kikongo kwa mara ya kwanza.

Wakili alisikiliza rekodi kwa simu, Nabintu akimtafsiria, akauliza machache, akasema neno moja la Kiingereza lisilofaa kuandikwa, na kuahidi kumpigia mwendesha mashtaka papo hapo. "Mwambie Gentille asiseme ndiyo," alisema. "Mwambie sasa hivi."

Nabintu alitafuta namba. Mizero alinyoosha mkono.

"Lete. Ni mie nitapiga."

Upande wa pili simu ilichukuliwa haraka, na sauti ikasema kwa woga, "Allô, yaya Nabintu?"

"Hapana, mudogo yangu." Mizero aliifinya simu kwa mikono yote miwili. "Ni yaya wa Columbus. Ule ulikosa."

 Nabintu, akiwa upande wa pili wa meza, alisikia Gentille akianza kulia.

"Lia, lakini sikiliza," Mizero alisema. "Kesho bakikuuliza, usiseme ndiyo. Uliniita. Niko nakuja kuitika."